Damu ya Wawili, Lawama ya Mmoja

Katika nchi yetu upo ugonjwa mmoja ambao hesabu yake ni nyepesi kuliko hesabu za darasa la nne, lakini watu wazima, wenye vyeti na vyeo, hawataki kuifanya. Ugonjwa huo ni selimundu. Mtoto haupati ila apewe nakala mbili za jeni iliyobadilika, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Mbili, si moja. Pamoja na hayo, mtoto akivimba vidole na kulia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa, macho ya ukoo mzima humgeukia mama. Husemwa kuwa ameleta damu mbaya nyumbani, kwamba kwao kuna laana, kwamba alivunja mwiko alipokuwa na mimba, au kwamba ametupiwa kijicho. Baba huketi kando kama shahidi, naye ni mshitakiwa wa pili, ikiwa katika jambo hili yupo mshitakiwa hata mmoja. Nia yangu katika kurasa hizi ni kuipinga hukumu hiyo, na kuwapinga vilevile watu wa namna nyingine, wasomi wa nusu kitabu, ambao wameacha kusema laana wakaanza kusema jeni kwa maana ileile.

Kwanza na tulijue shauri lenyewe. Damu yetu ni nyekundu kwa sababu ya protini iitwayo hemoglobini, ambayo kazi yake ni kuchukua oksijeni mapafuni na kuipeleka kila pembe ya mwili. Hemoglobini ya mtu mzima hufumwa kwa minyororo minne, miwili ya alfa na miwili ya beta. Maagizo ya kufuma mnyororo wa beta yameandikwa katika jeni iliyo kwenye kromosomu ya 11. Na kwa kuwa kila mtu ana kromosomu mbili za namba hiyo, moja ya baba na moja ya mama, basi ana nakala mbili za maagizo hayo. Katika selimundu herufi moja tu ya maagizo imebadilika: palipokuwa na A pana T. Kwa badiliko hilo kiungo cha sita cha mnyororo, kilichopaswa kuwa asidi ya glutamiki, huwa valini. Hayo ndiyo yote. Hapana nyoka, hapana kaburi lililorukwa, hapana chungu kilichofukiwa mlangoni.

Lakini herufi hiyo moja ina nguvu. Hemoglobini iliyofumwa hivyo, ikiisha kuachilia oksijeni yake, hushikamana ikawa nyuzi ndefu ngumu, na chembe ya damu iliyokuwa laini na mviringo hupindika mfano wa mundu. Chembe hizo hukwama katika mishipa myembamba; nyama na mifupa iliyo mbele ya mkwamo hukosa hewa, na hapo ndipo maumivu yanapozaliwa. Wengu huharibika mapema, hata mtoto akabaki kama boma lisilo na mlinzi mbele ya vijidudu vya homa ya mapafu na vya uti wa mgongo. Chembe nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi. Ile iliyopindika huishi siku 10 hadi 20 tu, na kwa hiyo mgonjwa hupungukiwa na damu na macho yake huwa ya manjano. Daktari James Herrick wa Chicago alizieleza chembe hizo mwaka 1910. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba hitilafu imo katika hemoglobini yenyewe. Na katika miaka ya 1956 na 1957 Vernon Ingram akakionyesha kiungo kilichobadilika. Tangu hapo hakuna aliyesoma awezaye kujitetea kwamba siri ilikuwa haijafunuliwa.

Sasa hesabu. Mtu mwenye nakala mbili nzima huandikwa AA hospitalini. Mwenye moja nzima na moja iliyobadilika huandikwa AS. Huyu ndiye mbebaji, naye aghalabu hulima, hucheza mpira, huzaa na kuzeeka pasipo kujua alichokibeba. Mwenye mbili zilizobadilika ni SS, na huyo ndiye mgonjwa. AS akioana na AS, kila mimba ina fungu moja katika manne la kuwa SS, mafungu mawili ya kuwa AS, na fungu moja la kuwa AA. Nasema kila mimba, nami nalikariri neno hilo kwa sababu nimewasikia watu wa akili timamu wakisema kwamba mama akiisha kuzaa mgonjwa mmoja, watatu wafuatao ni salama, kana kwamba deni limelipwa. Shilingi irushwayo juu haikumbuki ilivyoanguka jana. Yawezekana nyumba yenye watoto sita isipate mgonjwa hata mmoja, na nyumba ya jirani yenye wawili ikapata wawili.

Utazame, msomaji, udanganyifu ulio mkubwa kuliko wote. Mume amfukuza mke aliyemzalia watoto wagonjwa, aoa mwingine, apata watoto wanne wazima, kisha asimama mbele ya wazee na kusema: Je, hamkuona kwamba kosa halikuwa langu? Na wazee hutikisa vichwa kwa kukubali. Mimi nasema ushahidi huo hauthibitishi kitu. Iwapo mke wa pili ni AA, basi hapana mtoto wao awezaye kuwa SS hata mume akiwa AS, maana nakala ya pili haina mahali pa kutoka. Mume yu vilevile alivyokuwa. Aliyebadilika ni mwenzake. Tena, katika watoto wale wazima wanaoonyeshwa kuwa ni ithibati ya usafi wake, kwa kukadiria nusu wameichukua jeni ya baba yao, nao wataipeleka katika nyumba watakazooa au kuolewa. Na yule mke aliyefukuzwa, akiolewa na mtu wa AA, naye atazaa watoto wasio na ugonjwa huo. Wakati huo wakwe zake wa kwanza watasema nini? Wahenga walisema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Mbaazi huu wetu umepata jua la pili, ukachanua, ukalitukana la kwanza.

Katika shule moja niliyofundisha alikuwapo kijana wa kidato cha pili aliyekosa masomo karibu kila muhula. Mwalimu mmoja alikuwa amekwisha kumwandika mvivu katika ripoti yake. Mama yake alikuja akiwa na cheti cha hospitali ndani ya mfuko wa nailoni, naye alikitoa kwa hofu, kama mtu aonyeshaye hati ya jela. Alieleza kwamba miaka 9 alikuwa amerudishwa kwao, na kwamba mumewe hakupimwa hata siku moja. Hakuna aliyemwambia mume kwamba cheti cha mtoto ni cheti chake pia. Mtoto akiwa SS, na wazazi ni wale waliomzaa, basi kila mmoja wao amebeba angalau nakala moja: jambo hili halihitaji hata kumtoa baba damu ili lijulikane. Cheti kile kilikuwa na majina mawili ndani yake, ila watu walisoma moja.

Sisemi kwamba mababu zetu walikuwa wapumbavu. Mtu aonaye watoto watatu wa nyumba moja wakidhoofika na kufa, mmoja baada ya mwingine, hana budi kutafuta sababu, nao waliitafuta kwa macho waliyokuwa nayo. Waigbo na Wayoruba wa Nigeria walisema ni mtoto yuleyule azaliwaye, afaye, na kurudi tena kumtesa mamaye. Kule Nyanza mtu aliyedhoofika pasipo jeraha aliweza kusemwa kuwa amepatwa na chira, yaani adhabu ya mwiko uliovunjwa. Katika maelezo hayo limo jambo moja la kweli walilolitambua, nalo ni kwamba yapo maradhi yanayoiandama nyumba. Wao walifika hapo bila darubini. Sisi tulio na darubini tunaendelea kusimama palepale, na hiyo ndiyo aibu.

Yuko atakayenijibu kwamba desturi ya kuuchunguza ukoo kabla ya kuoa ilikuwa na hekima, na kwamba ningepaswa kuisifu. Kuchunguza ni kwema, sikatai. Lakini uchunguzi wa kuuliza ni ukoo gani wenye watoto wagonjwa haumwoni mbebaji, kwa kuwa mbebaji ni mzima. Ukoo waweza kuibeba jeni hii vizazi vitatu bila mgonjwa hata mmoja, na ukasifiwa kuwa safi. Tone moja la damu hospitalini huona yale ambayo mshenga hawezi kuyaona ingawa amezunguka vijiji kumi.

Nawageukia sasa wasomi wa nusu kitabu. Hawa husema kwamba jeni iliyobadilika ni jeni mbovu, na mwenye jeni mbovu ni mtu mbovu, au angalau ni bidhaa yenye dosari. Laiti wangalisoma ukurasa wa pili! Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia hapa Kenya na kusoma Oxford, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi hii. Aliona kwamba wabebaji wa selimundu walikuwa wengi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na wachache mno katika nyanda za juu. Kwa nini? Kwa sababu pwani na ziwani kuna mbu wa malaria, na kwenye baridi ya milimani walikuwa haba. Mwaka 1954 alichapisha hoja yake kwamba mwenye nakala moja ya jeni hiyo hukingwa na malaria. Uchunguzi wa baadaye uliofanywa Kilifi umeonyesha kwamba kinga hiyo dhidi ya malaria kali ni ya takribani asilimia 90. Nakala moja ni ngao. Nakala mbili ni mkuki. Jeni ni ileile, herufi ni ileile, na tofauti ni idadi tu. Basi atwambie msomi wetu: hiyo ni jeni mbovu au jeni njema? Swali lenyewe halina maana, kama vile kuuliza ikiwa chumvi ni mbaya pasipo kusema ni kijiko au ni gunia.

Na bado mambo yana kina zaidi, nami naomba subira, kwa maana hapa ndipo somo hili linapopendeza. Nilisema kwamba hemoglobini ina minyororo ya alfa pia. Jeni za alfa zimo katika kromosomu ya 16, nazo ni mbilimbili kwa kila kromosomu, hivyo mtu wa kawaida ana nakala nne. Katika pwani yetu si nadra mtu kukosa moja au mbili. Kilifi watu wa namna hiyo ni zaidi ya nusu. Hali hiyo huitwa thalasemia ya alfa, na kwa walio wengi haina madhara makubwa: chembe zao nyekundu ni ndogo kidogo, na damu pengine imepungua kidogo. Kusini-mashariki ya Asia, ambako wapo watu wenye kromosomu iliyopotewa na nakala zote mbili kwa pamoja, mtoto aweza kukosa zote nne, naye hufa tumboni au mara baada ya kuzaliwa. Aina iliyoenea Afrika huondoa moja tu katika kila kromosomu, na kwa hiyo mrithi wake hapotezi zaidi ya mbili. Upungufu huo mdogo nao humkinga mtoto na malaria kali.

Mtu angedhani kwamba mwenye ngao mbili, ya selimundu kwa nakala moja na ya alfa kwa upungufu, atakingwa mara mbili. La hasha! Mwaka 2005 Thomas Williams na wenzake, wakifanya kazi Kilifi, walionyesha kwamba mtoto aliyerithi zote mbili kwa pamoja hupoteza karibu kinga yote. Ngao moja huipangua nyingine. Nimelieleza jambo hili kirefu kwa makusudi. Mtu ajuaye hivi hawezi tena kusimama barazani na kugawa jeni katika mafungu ya wema na waovu, kwa kuwa jeni ya alfa na jeni ya beta, kila moja kwa peke yake ikimlinda mtoto, zikikutana hazimlindi tena. Tukiwa hatuwezi kuihukumu jeni moja bila kuitazama jirani yake, tutamhukumuje mwanamke mzima?

Wengine hudhani kwamba madhara hutokea pale tu maandishi yanapokosewa. Hilo nalo si kweli. Mwaka 1959 Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin wa Ufaransa walitangaza kwamba watoto wenye ulemavu ulioelezwa na daktari John Langdon Down mwaka 1866 wana kromosomu 47 mahali pa 46. Ya 21 imo mara tatu. Hapana herufi iliyokosewa. Kila nakala ni sahihi, ila imezidi moja. Mara nyingi ziada hiyo hutokea yai la mama linapogawanyika, mara chache hutokea katika mbegu ya baba, na kadiri umri wa mama unavyoendelea ndivyo inavyozidi kutokea. Najua mtu atalidaka neno hilo na kusema: Ala, basi hapo ni mama! Namjibu kwamba yai halikugawanyika kwa amri yake, wala hakuna tendo lake wala chakula chake kilicholielekeza. Kutoka kwa mtu na kutendwa na mtu ni mambo mawili.

Hata nakala kuzidi si lazima iwe hasara. Katika mate yetu mna kimeng'enya kiitwacho amilasi kinachovunja wanga, na idadi ya nakala za jeni yake hutofautiana baina ya mtu na mtu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 uliwalinganisha watu ambao chakula chao cha asili kina wanga mwingi na wale ambao chakula chao kina wanga mchache, wakiwamo Wahadza wa Tanzania, wachimbao mizizi, na majirani zao Wadatoga, wafugao ng'ombe. Kundi la wala wanga lilikutwa na nakala nyingi zaidi kwa wastani. Mwaka huohuo Sarah Tishkoff na wenzake walieleza badiliko la jeni linalowawezesha watu wengi wa Kenya na Tanzania kunywa maziwa utu uzimani bila kuumwa na tumbo, badiliko lililozuka mbali na lile la Wazungu. Mfugaji anayeinua kibuyu chake asubuhi anakunywa kwa hisani ya herufi iliyokosewa zamani. Sijapata kusikia mtu akimwita mgonjwa.

Elimu ya nusu ina madhara, na ushahidi upo. Huko Marekani, katika miaka ya mwanzo ya 1970, majimbo kadhaa yalitunga sheria za kuwapima watu weusi selimundu kwa lazima, na watunzi wengine hawakujua kumtofautisha mbebaji na mgonjwa. Watu wazima wenye nakala moja walinyimwa kazi na bima. Chuo cha maofisa wa jeshi la anga kiliwakataa wabebaji mpaka mwaka 1981. Nchini Nigeria yako makanisa ambayo hukataa kuwafungisha ndoa wachumba wawili wa AS. Mimi ni mtetezi wa kupima, na ningependa kila kijana ajue herufi zake kabla ya kuchumbia. Lakini ajue ili achague mwenyewe, si ili mwingine apate fimbo ya kumpigia. Cheti kikigeuka kuwa kizuizi mlangoni, vijana watajifunza kukificha, na tutakuwa tumeurudia ujinga kwa njia ya maabara.

Lipo pia kosa la kukata tamaa, la wale wasemao kwamba lililoandikwa katika jeni halifutiki, basi fedha za nini? Husema hivyo juu ya watoto ambao, pasipo kutambuliwa na kutibiwa, hukadiriwa kuwa zaidi ya nusu yao barani Afrika hufa kabla ya kutimiza miaka 5. Haiwaui jeni peke yake. Wengi huuawa na vijidudu na malaria, na hayo yana dawa. Mtoto akipimwa akiwa mchanga, akapewa penisilini kila siku, chanjo zake na kinga ya malaria, hali yake hubadilika kabisa. Ipo dawa ya vidonge iitwayo hidroksiyurea, ambayo huiamsha hemoglobini ya kitoto, ile tuliyokuwa nayo tumboni mwa mama, ikafanya kazi badala ya ile iliyobadilika. Ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 600 katika Angola, Kongo, Uganda, na hapa kwetu Kilifi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba maumivu, kuongezewa damu, malaria na vifo vyote vilipungua. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliruhusu tiba inayohariri jeni ndani ya chembe za uboho wa mgonjwa mwenyewe. Bei yake Marekani inapita dola milioni mbili, hivyo sitamdanganya mwanafunzi wa Homa Bay kwamba itamfikia kesho. Vidonge na penisilini vyaweza kumfikia, ikiwa watu watataka.

Kwa hiyo madai yangu ni madogo, wala hayahitaji dola milioni. Mtoto apimwe tone la damu ya kisigino katika majuma ya kwanza ya maisha yake, hasa pwani na magharibi ambako jeni hii imeenea. Akikutwa SS, kliniki imwite baba kwa jina kama inavyomwita mama, wakae kwenye benchi moja, na mwuguzi awaeleze wote wawili kwa saa ileile na kwa maneno yaleyale. Baba akisema hana nafasi, aandikiwe siku nyingine, na jina lake lisikosekane katika daftari.